Kanda Ndogo Zilizofungua Mlango

Wengi wetu tulio ughaibuni tangu miaka ya tisini tunazo nyumbani kanda ndogo za video, kubwa kidogo kuliko kiberiti. Ndani yake mna arusi, maulidi, watoto wakianza kutembea na safari za kurudi nyumbani. Leo napenda tukumbushane kanda hizo zilileta mabadiliko gani katika utengenezaji wa filamu, na kwa nini zinahitaji kushughulikiwa upesi.

Hapo zamani filamu ilikuwa kazi ya serikali na ya wenye fedha. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 ulimalizika kwa dakika 11 hivi, na baada ya kupigwa ulihitaji kusafishwa maabara. Ndiyo maana filamu za Kiswahili kama Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, zilikuwa za kuhesabika.

VHS ilipunguza gharama, na Wanaijeria wakaonyesha njia. Living in Bondage, ya mwaka 1992, ilipigwa kwa video na kuuzwa kwa kanda moja kwa moja kwa watazamaji. Lakini VHS ilikuwa na kasoro kubwa. Kuhariri kulimaanisha kunakili kutoka kanda moja hadi nyingine, na kila nakala ilififia kuliko ile iliyoizaa. Ukifika nakala ya tatu, nyuso zimeingia ukungu.

Mwaka 1995 ulikuja mfumo wa DV, na kamera ya Sony VX1000 ikawa miongoni mwa za mwanzo. Kamera hii iligeuza picha kuwa tarakimu humohumo ndani yake, biti milioni 25 kwa kila sekunde. Kila picha ilifungashwa peke yake, hivyo mhariri aliweza kukata popote alipotaka. Tarakimu hizo zilipita katika waya mmoja, FireWire, hadi kwenye kompyuta. Nakala ya kumi ilikuwa sawasawa na ya kwanza, kwa kuwa tarakimu haififii: sita ukiinakili inabaki sita. Kufikia mwaka 1999 Apple ilikuwa inauza kompyuta za nyumbani zenye tundu la waya huo pamoja na programu ya kuhariri. Kazi iliyohitaji chumba cha kukodi kwa saa ikafanyika juu ya meza ya kulia chakula.

Wakubwa nao wakaamini. Mwaka 1998 filamu ya Kidenmaki Festen, ya Thomas Vinterberg, iliyopigwa kwa kamera ndogo ya mkononi, ilipata Tuzo ya Majaji huko Cannes. Mwaka 2002 Danny Boyle akapiga sehemu kubwa ya 28 Days Later kwa kamera ya Canon XL1.

Kwetu mlango huo ulifunguka miaka ya 2000. Wasanii wa Dar es Salaam waliotoka katika michezo ya kuigiza ya televisheni, marehemu Steven Kanumba akiwa mmoja wao, walitengeneza filamu kwa kamera za video, zikatazamwa hadi Kongo na Burundi. Sisi huku tuliletewa na jamaa ndani ya mabegi. Wapo waliozibeza kwa sauti mbovu na taa hafifu, na sikatai. Lakini watoto wetu waliozaliwa ugenini waliona watu wakigombana, wakichumbiana na kuzikana kwa Kiswahili kwenye kioo cha televisheni. Hilo halikuwa dogo.

Sasa nije kwenye hofu yangu. Mwaka jana nilitia mashineni kanda ya mwaka 1999 ya marehemu mama, akisimulia ujana wake Tanga. Uso wake ulikuja vipande vya miraba, na sauti ikakatikakatika. VHS huzeeka kama binadamu, polepole. Picha ikijaa chenga bado utamsikia msemaji. Dijitali hujisahihisha makosa madogo, kisha makosa yakizidi kiasi, huanguka kwa mara moja. Nilisafisha mashine, nikarudia mara tatu, nikaokoa dakika 40 kati ya 60.

Viwanda vimeacha kutengeneza kamera za kanda hizo, na kompyuta mpya haziji na tundu la FireWire. Kwa hiyo tafuteni kamera nzima, waya na kompyuta kuukuu. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamisha, nayo hujaza takriban gigabaiti 13. Wekeni nakala mbili, katika nyumba mbili. Na wenye filamu zao za miaka ile, kanda za asili mlizohifadhi kabatini nazo zina hatari hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na dakika 20 za mama yangu hakuna fundi wa kuzijenga tena.