Kilosa na Vita vya Mbali

Mwishoni mwa Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Msowero, kaskazini mwa mji wa Kilosa wa leo, akampa chifu Mangungo karatasi ya Kijerumani aitie alama. Tarehe 26 Februari 1885 mataifa 14 yalifunga mkutano wao wa Berlin kuhusu Afrika. Urusi nayo ilikuwa mezani, ingawa haikuondoka na kipande cha Afrika. Kesho yake Kaiser wa Ujerumani akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi, na Usagara, nchi yenye Msowero, ikahesabiwa mali ya Wajerumani. Tumezoea kumtaja Mangungo kama mjinga aliyeuza nchi. Mimi namtetea: hakujua alichotia alama. Sisi tuliomfuata tunajua kusoma, na bado bei ya jasho letu inapangwa ughaibuni.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Kilosa kwa miguu, Waingereza walipouteka mji Agosti 1916. Ya Pili ilikuja kwa njia ya bei. Wajapani walipoteka Ufilipino na Java, Waingereza na Wamarekani walikosa nyuzi za kusokotea kamba za meli, wakaugeukia mkonge wa Tanganyika. Mashamba ya Kimamba na Rudewa yalitaka mikono. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mikoa ya mbali, na wakati wa vita serikali ya kikoloni iliwachukua wengine kwa nguvu. Jani lilikatwa, likafungwa mafungu, likapita kwenye mashine ya korona iliyoliparua nyama yake kwa maji mengi. Singa zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, zikashindiliwa kuwa bunda. Bunda likapanda behewa kwenda bandarini. Kamba yenyewe ilisokotwa ng'ambo, na faida kubwa ikabaki hukohuko.

Vita vya Korea, 1950, vilipandisha bei tena. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, na bei ikaporomoka katikati ya miaka ya 1960. Serikali ilipotaifisha mashamba mengi ya mkonge Oktoba 1967, ilichukua ardhi lakini soko halikuwa mikononi mwake. Naunga mkono nia ya hatua ile, ila viwanda vya kusokota vilipaswa kutangulia. Uzalishaji wa nchi, uliopita tani 200,000 mwaka 1964, ulishuka hadi kama tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kilosa ilibaki na mashamba yaliyogeuka pori huku wakulima na wafugaji wakigombea ardhi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa. Mgogoro ule una sababu nyingi, lakini ardhi iliyolala chini ya hati za wasiolima ni mojawapo, na inanikera hadi leo.

Mikumi, humuhumu wilayani Kilosa, ilijua siasa za dunia kwa njia ya barabara. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru Rhodesia Novemba 1965, mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia huko yalilazimika kupita huku, kwa malori yaliyokata katikati ya hifadhi iliyoanzishwa 1964, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika 1968.

Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Tarehe 2 Machi, kwenye Umoja wa Mataifa, Tanzania haikupiga kura upande wowote. Kutofungamana ni urithi wetu, na sioni haya kuutetea. Lakini kura haikuzuia dizeli kupanda. Juni serikali ilianza kutoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mfuko wa urea wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 100,000, maana Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Ruzuku ya serikali ikaushusha hadi kama 70,000. Redioni na vijiweni tulibishana kama Putin ana haki au hana. Swali la urea halikupata hata robo ya muda huo.

Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Nasi tunayo: gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza miaka ya 1970, kilifungwa miongo miwili baadaye bila kupata mrithi wa kiwango chake kwa miaka mingi. Mkulima wa miwa wa Ruhembe, hapa Kilosa, anahitaji mbolea kila msimu, na gesi ya kuitengenezea inatiririka bombani kwenda Dar es Salaam tangu 2004.