Nani Aliizamisha Cheonan?

Kisiwa cha Baengnyeong ni mali ya Korea Kusini, lakini siku isiyo na ukungu mtu aliyesimama ufukweni mwake huiona Korea Kaskazini kwa macho matupu. Katikati unapita mpaka wa bahari ambao Kaskazini haijawahi kuukubali, mstari uliochorwa na kamandi ya Umoja wa Mataifa mwaka 1953 vita vya Korea viliposimama. Manowari za pande hizi mbili zilishafyatuliana risasi kwenye mstari huo mwaka 1999, mwaka 2002, na tena Novemba 2009.

Usiku wa Ijumaa, 26 Machi 2010, manowari Cheonan ya Korea Kusini ilikuwa doriani kusini-magharibi mwa kisiwa hicho. Ilikuwa na urefu wa mita 88, uzito wa tani 1,200 na mabaharia 104. Yapata saa 3:22 usiku ilikatika vipande viwili. Upande wa tezi ulizama papo hapo; upande wa omo ulilala ubavu ukaelea kwa muda. Watu 58 waliokuwa sehemu ya mbele waliokolewa. Wenzao 46 walikufa, na miili ya 6 kati yao haikuonekana tena.

Uchunguzi ulifanyika, ripoti ikatolewa, mahakama zikaketi. Hata hivyo Wakorea Kusini wengi waliendelea kuuliza maswali, na chanzo cha shaka yao kinapatikana katika siku chache za mwanzo, kabla kipande chochote cha chuma hakijaopolewa.

Siku hizo jeshi halikuweza hata kutaja saa moja ya ajali likaishikilia. Kwanza lilisema saa 3:45 usiku, kisha 3:30, kisha 3:25, mwisho likatua kwenye 3:22. Taarifa ya awali ya walinzi wa pwani ilisema meli imekwama mwambani. Jeshi lilitoa kipande cha video ya kamera ya joto iliyokuwa ikiangalia bahari kutoka kisiwani, likaeleza kwamba hakuna zaidi. Baadaye vikatokea vipande vingine. Kisha ikajulikana kwamba manowari nyingine, Sokcho, ilifyatua mizinga kuelekea kaskazini yapata saa 5 usiku uleule. Shabaha yake, jeshi likasema, ilikuwa kundi la ndege.

Familia zilizokuwa zikisubiri habari za watoto wao zilisikia yote hayo. Wakati huohuo msako ulikuwa ukizidisha misiba. Mzamiaji mmoja mkongwe wa jeshi la majini alipoteza maisha chini ya maji tarehe 30 Machi. Siku tatu baadaye mashua ya uvuvi Geumyang 98, iliyokuwa ikitoka kusaidia kutafuta miili, iligongana na meli ya mizigo ikazama na wavuvi wake 9.

Tezi iliopolewa tarehe 15 Aprili, omo tarehe 24. Serikali ikaunda tume ya wanajeshi na raia, pamoja na wataalamu wa kigeni 24 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na Sweden. Walichokiona kwenye mabaki ni kwamba mkuku ulikuwa umesukumwa juu kutoka chini, na mahali palipokuwa na chumba cha injini ya gesi palikuwa pameng'oka. Ndani ya meli hapakuwa na dalili za moto wala za baruti kulipuka. Vipimo vya mitetemo ya ardhi navyo vilikuwa vimenasa mshtuko wa kipimo cha 1.5 saa 3:21 na sekunde 58.

Tume ilisema hiyo ni kazi ya topido, bomu linalojiendesha chini ya maji, lililolipuka mita chache chini ya meli bila kuigusa. Mlipuko wa namna hiyo hutengeneza kiputo kikubwa cha gesi. Kiputo kinapotanuka huinua katikati ya meli. Kinaponywea, katikati hubonyea na ncha mbili hubaki juu. Kisha mkondo wa maji hufyatuka kwenda juu kwa nguvu. Mkuku hukatika kama muwa uliovunjwa gotini.

Kilichokosekana kilikuwa silaha yenyewe. Tarehe 15 Mei mashua za uvuvi zilizokuwa zikikokota wavu sakafuni mwa bahari zilileta juu sehemu ya nyuma ya topido: mota, mhimili na rafadha, vyote vimeshika kutu. Ndani yake paliandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, "namba 1" kwa herufi za Kikorea. Siku tano baadaye tume ilivianika vipande hivyo mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba ni topido ya Korea Kaskazini aina ya CHT-02D, yenye kilo 250 za baruti, iliyofyatuliwa na nyambizi ndogo. Kaskazini ilikana, ikaomba kutuma wakaguzi wake, ikakataliwa.

Tarehe ya tangazo nayo ilizua maneno. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 2 Juni, na tarehe 24 Mei Rais Lee Myung-bak alihutubia taifa akikata karibu biashara yote na Kaskazini. Wapinzani walisema maiti za mabaharia zinatumiwa kupigia kampeni. Chama tawala kilishindwa vibaya. Septemba mwaka huo, mwezi ambao ripoti kamili ilichapishwa, Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kilitoa kura ya maoni: walioyaamini matokeo ya uchunguzi walikuwa karibu theluthi moja tu.

Wenye shaka walianza na vile vipande. Iweje joto la mlipuko liunguze rangi ya topido na kuuacha wino mzima? Profesa mmoja wa taasisi ya sayansi ya KAIST alijibu kwa hesabu kwamba gesi ya mlipuko hupoa upesi inapotanuka, hivyo joto lisingefika mahali palipoandikwa. Tume ilikuwa imeonyesha pia unga mweupe uliokutwa kwenye meli na kwenye topido, ikisema ni oksidi ya alumini iliyotokana na mlipuko mmoja. Wanasayansi wawili wenye asili ya Korea, mmoja katika Chuo Kikuu cha Virginia na mwingine Manitoba, walidai vipimo vilionyesha kitu kinachojitengeneza kwenye ubaridi, si kwenye mlipuko. Halafu kulikuwa na rafadha za meli: mapanga ya ile ya kulia yalikuwa yamepindika, ya kushoto karibu yote mazima. Tume ilisema mhimili ulisimama ghafla ukayapinda. Wengine waliona hapo alama ya meli iliyojikwamua kutoka kwenye mchanga.

Serikali nayo haikujisaidia. Mchoro mkubwa uliotundikwa mbele ya waandishi tarehe 20 Mei, ili kila mtu alinganishe na vipande vilivyoopolewa, ulikuwa wa topido ya aina nyingine. Wizara ya ulinzi ilikiri kosa hilo mwishoni mwa Juni.

Katika pengo hilo la imani zikaota nadharia. Mjumbe wa tume aliyependekezwa na chama cha upinzani alisema meli ilipanda mwamba, kisha ikagongwa. Wengine walitaja mabomu ambayo Korea Kusini yenyewe iliyatega karibu na Baengnyeong miaka ya 1970 na mengine hayakuondolewa. Makala mbili za kisayansi zilizosoma mitetemo ya usiku ule zilifikia matokeo tofauti: moja iliona mlipuko unaolingana na bomu la kutegwa, nyingine, ya mwaka 2014, iliona mgongano na nyambizi kubwa. Urusi ilituma wataalamu wake lakini haikuchapisha ripoti yao. Gazeti la Hankyoreh likaandika kwamba walielekea kwenye bomu la kutegwa. Nadharia hizi haziwezi kukaa pamoja. Meli iliyogongwa na nyambizi haikulipuliwa na bomu, na mwamba haupindi mkuku kwenda juu na kung'oa chumba kizima. Zilichokubaliana ni kitu kimoja tu, kwamba jeshi si la kuaminiwa.

Wakaguzi wa serikali ndio waliotoa sababu nzito zaidi ya kutoliamini. Juni 2010 walipendekeza maafisa 25 wachukuliwe hatua. Walikuta kwamba saa ya tukio ilibadilishwa makao makuu. Walikuta pia kwamba kamandi ya kikosi cha majini ilipokea kutoka Cheonan taarifa kuwa huenda imepigwa topido, ikaikalia. Na kwamba Sokcho, ambayo nahodha wake alidhani anafyatulia chombo cha adui, iliambiwa iripoti ndege. Ukaguzi huo uliwapa wenye shaka ushahidi kwamba wakubwa walidanganya. Lakini ukiusoma vizuri, kilichofichwa kilielekea kwenye topido. Uongo ulikuwa wa maafisa waliotaka kuficha uzembe wao, na ulichafua hata ukweli ambao ungewatetea.

Umoja wa Mataifa haukuumaliza ubishi. Tamko la Baraza la Usalama la 9 Julai 2010 lililaani shambulio bila kumtaja mshambuliaji. Nyumbani, yule mjumbe wa tume alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa jeshi. Mwaka 2016 alipewa kifungo cha miezi 8 kilichoahirishwa. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikamwachia, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Majaji wa rufaa waliukubali uchunguzi wa topido, ila hawakuona kwamba aliyeupinga alikusudia kuchafua majina ya watu. 

Shaka ina wanaoilipia. Manusura 58 walibandikwa jina la askari walioshindwa vita, na baadhi yao wamesema wazi kwamba wanaugua majeraha ya akili. Machi 2020 mama wa mmoja wa marehemu alimsogelea Rais Moon Jae-in makaburini Daejeon akamtaka aseme ni kazi ya nani. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba tume ya kuchunguza vifo vya wanajeshi ilikubali kufungua upya jambo hilo, manusura wakafoka, na baada ya siku chache uamuzi ukafutwa.

Mlipuko wa chini ya maji ndio maelezo yanayobeba vitu vingi zaidi kwa pamoja: mkuku, mtetemo, topido iliyonaswa na wavuvi. Tume ya 2010 ilikuwa na vyuma vya kutosha kuwasadikisha wengi. Ilivileta mbele ya watu ambao tayari walikuwa wamepewa saa nne tofauti za kifo cha watoto wao, na waliowapa kila moja ya saa hizo walikuwa wamevaa sare ileile ya waliosimama sasa kuwasomea ripoti.