Sumaku ya Goti: Kutoka Genoa Hadi Mbarara

Dereva wa bodaboda akianguka Babati, Tanzania, eksirei itamwonyesha daktari mfupa uliovunjika. Kano iliyochanika ndani ya goti haitaonekana, wala gegedu lililopasuka. Kipimo cha kuviona hivyo ni MRI, na Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye mashine hiyo iko Dodoma, mwendo wa kilomita 251 kwa lami. Kwa mtu asiyeweza kukunja mguu, safari hiyo ndani ya basi ni mateso.

Haikulazimika kuwa hivyo, na historia ya kipimo chenyewe inaonyesha kwa nini.

Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alichapisha picha iliyopatikana kwa sumaku na mawimbi ya redio. Tarehe 3 Julai 1977 Raymond Damadian na wenzake wakapiga picha ya kifua cha mtu aliye hai, kazi iliyochukua karibu saa 5. Baada ya hapo watengenezaji wakashindania nguvu ya sumaku, inayopimwa kwa tesla: sumaku za tesla 1.5, zenye uzito wa tani kadhaa, zikipozwa kwa heli ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mashine ya namna hiyo hujengewa chumba chake, na mji mdogo hauimudu.

Kampuni ya Esaote ya Genoa, Italia, ilishika njia nyingine. Ikiwa kinachouma ni goti, kwa nini kuingiza mwili mzima? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatoa Artoscan, mashine ya tesla 0.2 isiyohitaji heli. Mgonjwa huingiza mguu au mkono tu, mwili wake ukibaki nje. Mashine za aina hii zikaingia katika ofisi za madaktari wa mifupa, kisha za madaktari wa baridi yabisi, waliotaka kuona viungo vya vidole vikianza kuliwa kabla eksirei haijaonyesha kitu.

Ubishi ukazuka. Picha za sumaku dhaifu zina ukungu zaidi, na kule Marekani watu wakahoji kama daktari anayemiliki mashine hatapeleka wagonjwa wengi kuliko inavyopasa. Hoja ya pili ni nzito na hata hapa tungepaswa kuiwekea kanuni mapema. Ya kwanza hainitishi: picha yenye ukungu kiasi, ikisomwa na mtu anayejua mipaka yake, ni bora kuliko kubahatisha.

Mwaka 2022 wazo la mashine ndogo lilifika kwa majirani zetu. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, vipuri vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi viliunganishwa palepale: pete 23 za sumaku, zenye nguvu ya tesla 0.05 tu. Walioiunganisha ni wakufunzi 4 na watu 6 ambao hawakuwahi kufanya kazi hiyo. Tangu mizigo ilipofika hadi picha ya kwanza kutoka zilipita takriban siku 11. Waliolengwa ni watoto wenye vichwa vikubwa, lakini wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliobuni muundo huo, walikuwa wameshapiga nao picha za goti pia.

Babati ni makao makuu ya mkoa tangu Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Mtambo wa namna ile ungetosha katika chumba cha kawaida cha hospitali yake, na picha ingetumwa kwa intaneti kwa msomaji aliyeko Dodoma, mgonjwa akibaki Babati.