Nyasi Juu ya Sumu

Msikilizaji, juma hili nakuchukua mpaka Wales, huko Uingereza, kwenye vilima ambavyo watu walichimba risasi, zinki na shaba kwa mamia ya miaka, kisha wakafunga migodi na kwenda zao. Risasi ninayoitaja si ile ya bunduki, ni madini yenyewe. Walichoacha nyuma ni vifusi. Upepo ukivuma, vumbi lake lenye sumu huangukia mashamba. Mvua ikinyesha, maji yake huteremkia mitoni.

Mwaka 1952 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Anthony Bradshaw, kijana wa miaka 26, alitoa katika jarida la Nature habari fupi iliyomfungulia kazi ya maisha yake. Alikuwa amechukua nyasi za aina ya Agrostis kutoka mgodi wa zamani wa risasi wa Goginan, na nyasi za aina hiyo hiyo kutoka malisho ya kawaida. Ukiziangalia kwa macho, huoni tofauti. Akazipanda zote katika udongo wa mgodini. Za mgodini zikastawi, za malishoni zikafa.

Kipimo kilichotumika miaka iliyofuata hakikuhitaji mitambo ya fedha nyingi. Unatia kishina cha nyasi katika maji yenye madini kidogo, na kingine katika maji yasiyo na madini, kisha unapima mizizi kwa rula. Sumu ya madini huanza kwa kuzuia mzizi usirefuke. Wanaodhani sayansi haiwezekani bila majengo ya kifahari wangefaa kulikumbuka jambo hilo.

Sasa, nyasi hizo ziliipataje nguvu hiyo? Wengi wetu tungejibu kwamba zilizoea, kama mlevi anavyozoea pombe. Sivyo. Bradshaw na wanafunzi wake walimwaga maelfu ya mbegu za kawaida katika udongo wenye sumu. Karibu zote zilikufa, ikabaki michache michache. Miche hiyo haikujifunza chochote, ilizaliwa hivyo. Ndiyo inayotoa mbegu, na watoto wake ndio wanaoujaza mgodi. Tena iliyostahimili shaba haikustahimili risasi, isipokuwa kama udongo wake ulikuwa na vyote viwili.

Na nguvu hiyo ina gharama. Nyasi za mgodini zikiwekwa katika udongo mzuri pamoja na wenzao, husukumwa pembeni. Ndiyo maana katika mgodi mdogo wa shaba wa Drws y Coed, ukivuka mpaka wa mgodi upande unakotokea upepo, hatua chache tu zinakutoa kwa nyasi stahimilivu na kukufikisha kwa nyasi za kawaida. Ng'ambo ya pili, upepo hubeba chavua na kuuchanganya ukoo.

Baadaye waliyaona hayo hayo hata chini ya minara ya chuma ya umeme. Minara hiyo imepakwa zinki kama mabati yetu, na matone ya mvua huiteremsha zinki ardhini. Miongo michache ilitosha kuzaa nyasi zinazoistahimili.

Tarehe 21 Oktoba 1966, kifusi cha makaa ya mawe kiliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan, Wales, kikaua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Kifusi kile hakikuwa cha risasi wala shaba, lakini baada ya hapo Waingereza hawakuweza tena kuyapita mabaki ya migodi yao bila kuyatazama. Bradshaw alihamia Chuo Kikuu cha Liverpool mwaka 1968, na utafiti wake ukatoka maabara kwenda vilimani. Nyasi zilizochaguliwa migodini zikazalishwa na kuuzwa kama mbegu: Parys kwa udongo wa shaba, Goginan na Merlin kwa risasi na zinki. Zinahitaji mbolea, kwa sababu vifusi havina rutuba. Wala tusidanganyane: nyasi hizo haziondoi sumu. Zinaifunika tu, vumbi litulie na mvua isibebe udongo.

Wenzetu wa Katanga, Kongo, wanavifahamu vilima vya shaba ambavyo msitu haukubali kuota, vikabaki na majani na maua yake ya pekee. Huko shaba iko juu ya ardhi tangu enzi na enzi, na mimea imekuwa na muda mrefu. Viwanda havitoi muda huo.

Mwaka 1991, katika mhadhara mbele ya Royal Society ya London, Bradshaw, aliyefariki mwaka 2008, hakuzungumzia nyasi zilizoshinda. Alizungumzia zile zilizoshindwa. Mimea mingi ya malisho haionekani kamwe migodini, na mbegu zake zilipojaribiwa katika udongo wa shaba, hakukupatikana hata ile miche michache ya kuanzia ukoo.