Mbinu za matapeli wa mtandaoni na namna muuzaji wa pikipiki anavyoweza kujikinga

PIKIPIKI ni mali inayouzwa na kununuliwa upesi katika mji mdogo wa Cheptiret, ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Nakuru, Kaunti ya Uasin Gishu. Hapa ndipo inapochepuka barabara ya kuelekea bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, Kesses, na wahudumu wa bodaboda hubeba wanafunzi, mitungi ya maziwa na magunia ya mahindi kutwa kucha.

Biashara ya bodaboda ilishika kasi kote nchini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc mwaka wa 2008. Zamani, aliyetaka kuuza pikipiki kuukuu alimwachia fundi wa karibu amtafutie mteja. Siku hizi huipiga picha, akaziweka kwenye Facebook, Jiji au kundi la WhatsApp, kisha akangoja simu. Mtandao umemwezesha mkazi wa Cheptiret kumfikia mnunuzi aliye Kitale, Kisumu au Nairobi. Hata hivyo, mlango huohuo umemfungulia tapeli ambaye sura yake haionekani.

Hasara yake si ndogo. Kwa familia nyingi, pikipiki ndiyo mali pekee inayohamishika yenye thamani ya makumi ya maelfu ya shilingi, na mara nyingi huuzwa kwa sababu ya dharura: karo, matibabu au deni. Aliye na haraka ya pesa ndiye anayelengwa zaidi na walaghai.

Ujumbe bandia wa malipo

Hila iliyoenea zaidi ni ujumbe bandia wa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mnamo Machi 2007. Mnunuzi hukagua pikipiki, akaafikiana na muuzaji kuhusu bei, kisha akabonyeza simu yake. Punde simu ya muuzaji hupokea ujumbe wenye nambari ya muamala, jina, kiasi na saa, ulioandikwa kwa mpangilio unaofanana kabisa na ule halisi. Mnunuzi huwasha pikipiki na kwenda zake. Muuzaji anapofika kwa wakala kutoa pesa, hupata akaunti haina kitu.

Ujumbe halisi huingia kwa jina la MPESA, katika mfululizo uleule wa jumbe za awali. Unaotoka kwa nambari ya kawaida ya simu ni wa kutiliwa shaka papo hapo. Hata hivyo, jina la mtumaji pekee halitoshi kuwa ushahidi. Muuzaji anafaa kutazama salio lake mwenyewe kwa kubonyeza *334# au kupitia programu ya M-Pesa kabla ya kukabidhi ufunguo. Mwenye deni la Fuliza akumbuke kwamba deni hilo hukatwa mara tu pesa zinapoingia, hivyo salio lake litakuwa chini ya kiasi alicholipwa. Mtu kama huyo atazame taarifa ya miamala badala ya kutegemea salio tu.

Wapo pia wanaodai kwamba malipo yamekwama kwa kuwa akaunti ya muuzaji imejaa, na kwamba anapaswa kutuma kiasi fulani ili ifunguliwe. Dai hilo ni uongo. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa M-Pesa unaweza kufikia Sh250,000, na akaunti inaweza kuwa na hadi Sh500,000. Bei ya pikipiki nyingi kuukuu haifiki viwango hivyo. Wala hakuna akaunti inayofunguliwa kwa kumtumia mnunuzi pesa.

Malipo ya kweli yenye utata

Wakati mwingine pesa huingia kweli, lakini tatizo hujitokeza baadaye. Mteja aliyetuma pesa kimakosa anaruhusiwa kuomba zirejeshwe kwa kutuma ujumbe wa muamala kwenye nambari 456. Tapeli anaweza kuitumia njia hiyo vibaya: akishaondoka na pikipiki, hudai kwamba alikosea nambari. Muuzaji asiye na maandishi yoyote hujipata katika mvutano wa neno lake dhidi ya neno la mwingine.

Hali nyingine ni pale pesa zinapotoka kwa nambari ya mtu wa tatu. Huenda mtu huyo naye ametapeliwa, au laini yake imeibwa, na siku chache baadaye polisi wakafuata njia ya pesa hizo hadi kwa muuzaji.

Kinga ya matatizo haya mawili ni moja. Jina linaloonekana kwenye ujumbe wa malipo lilingane na jina lililo kwenye kitambulisho cha mnunuzi, na mkataba wa mauzo utaje nambari ya muamala. Mnunuzi anayesema kwamba pesa zitatumwa na mjomba au mwajiri aambiwe mjomba huyo amtumie yeye kwanza, naye alipe kwa simu yake mwenyewe.

Anayelipa kwa hundi asipewe pikipiki hadi benki ithibitishe kwamba pesa zimeingia na zinaweza kutolewa. Stakabadhi ya kuweka hundi huonyesha tu kwamba karatasi ilipokelewa. Mnunuzi anayeandika hundi ya kiasi kinachozidi bei, kisha akaomba arudishiwe ziada upesi, huwa anatafuta pesa taslimu kwa karatasi isiyo na thamani.

Dalali anayesimama katikati

Hila ngumu zaidi kuitambua humhusisha tapeli asiyewahi kufika Cheptiret. Tuseme pikipiki imetangazwa kwa Sh90,000. Tapeli humpigia simu muuzaji, akakubali bei bila kupunguziwa, kisha akasema kwamba ndugu yake atakuja kuitazama. Humsihi muuzaji asitaje bei mbele ya ndugu huyo, kwa kisingizio kwamba kuna deni la kifamilia kati yao.

Wakati uo huo, tapeli huchukua picha zilezile na kuzitangaza kwa Sh60,000. Mnunuzi wa kweli akijitokeza, huelekezwa Cheptiret na kuambiwa kwamba atampata mfanyakazi anayeitunza pikipiki, ila asizungumze naye kuhusu bei. Mnunuzi hufika, akaikagua, akaridhika na kutuma Sh60,000 kwa tapeli. Baada ya hapo simu ya tapeli huzimwa. Muuzaji hajalipwa chochote, mnunuzi amelipa, na kila mmoja anaamini kwamba aliyesimama mbele yake ndiye mwizi. Ugomvi wa aina hii ni rahisi kugeuka ghasia, hasa mtu anapopigiwa mayowe ya wizi wa pikipiki.

Maswali mawili yanatosha kuivunja hila hii: "Unainunua kwa pesa ngapi?" na "Unamlipa nani?" Muuzaji awaulize wote wanaofika kuitazama pikipiki, ana kwa ana, kabla ya pesa yoyote kutumwa. Yeyote anayemtaka asitaje bei ya mali yake mwenyewe ana jambo analolificha.

Mnunuzi wa mbali na ada za mapema

Mlaghai mwingine hujitambulisha kama afisa wa jeshi aliye kazini mbali, au Mkenya anayeishi Ughaibuni na kutaka kumnunulia nduguye pikipiki. Haombi kuiona, hapunguzi bei, na hutuma picha ya kitambulisho ili aaminiwe. Kisha huja habari za msafirishaji anayehitaji kulipwa kwanza, bima ya safari, au ada ya kubadilisha umiliki. Muuzaji huombwa alipe kiasi hicho kidogo, kwa ahadi kwamba kitarejeshwa pamoja na bei kamili.

Muuzaji halipi ili auze. Malipo ya huduma za serikali kupitia mfumo wa eCitizen huelekezwa kwa nambari ya malipo 222222, si kwa simu ya mtu binafsi. Picha ya kitambulisho nayo haithibitishi lolote, kwani huenda ni cha mtu aliyetapeliwa awali.

Kuijaribu pikipiki na kupokea noti

Mnunuzi ana haki ya kuijaribu pikipiki kabla ya kuinunua, lakini nafasi hiyo ndiyo inayotumiwa na mwizi kutoroka. Katika mji ulio kando ya barabara kuu, dakika tano zinatosha kumfikisha mbali. Ni busara kumtaka aache thamani yote ya pikipiki mikononi mwa muuzaji kabla ya kuiendesha, au mtu anayeaminika ampakie na kuiendesha mwenyewe. Kitambulisho peke yake si dhamana ya kutosha, na pikipiki aliyokuja nayo mnunuzi huenda nayo ni ya wizi.

Mahali pa kukutania pawe pa watu wengi na wakati wa mchana. Nyumbani hapafai, kwani mgeni huondoka akijua mali nyingine inakolala. Kituo cha polisi au benki jijini Eldoret ni mahali bora, na mnunuzi mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukataa.

Anayelipwa pesa taslimu azihesabie ndani ya benki na kuziweka papo hapo, ili noti bandia zigunduliwe mnunuzi akiwa bado yupo. Noti za zamani za Sh1,000 zilikoma kuwa halali baada ya Septemba 30, 2019, hivyo hazifai kupokelewa hata kama si bandia.

Tangazo lisilotoboa siri

Ulinzi huanza siku ya kupiga picha. Tangazo lionyeshe hali ya pikipiki, mwaka, umbali iliyokwenda na kasoro zake. Si lazima lionyeshe nambari ya usajili, nambari ya injini wala ya fremu, na kamwe lisiwe na picha ya kitabu cha usajili au ya kitambulisho. Stakabadhi hizo zikisambazwa, tapeli anaweza kujifanya mwenye mali na kuwauzia wengine pikipiki asiyo nayo. Mnunuzi halisi aonyeshwe stakabadhi za asili ana kwa ana.

Vivyo hivyo, nambari ya siri ya M-Pesa, nenosiri la eCitizen na tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa simu si za kupewa mtu yeyote, hata akidai ni mhudumu wa wateja. Safaricom imewaeleza wateja wake kwamba huwapigia kutoka nambari 0722 000 000 pekee.

Kubadilisha umiliki

Wengi hudhani biashara imekwisha pesa zinapoingia. Kisheria, haijaisha. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye chombo, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Pikipiki ikitumiwa katika uhalifu au ikimjeruhi mtu, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye sajili, hata kama aliiuza mwaka uliopita.

Sheria hiyo inamtaka mwenye chombo kumjulisha msajili kuhusu mauzo katika muda wa siku 7, na inakataza chombo kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Shughuli hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kupitia akaunti ya eCitizen. Muuzaji huanzisha ombi katika akaunti yake, naye mnunuzi hulikubali katika akaunti yake mwenyewe. Mwenye pikipiki ya mkopo sharti amalize deni na jina la mkopeshaji liondolewe kwanza.

Kitabu cha usajili kisikabidhiwe kwa ahadi ya "nitabadilisha nikifika nyumbani." Iwapo bei inalipwa kwa awamu, umiliki ubaki kwa muuzaji hadi awamu ya mwisho, na jambo hilo liandikwe. Mkataba utaje majina kamili, nambari za vitambulisho na za PIN za KRA, nambari ya usajili, ya injini na ya fremu, bei, njia ya malipo, tarehe na saa ya makabidhiano, na usainiwe mbele ya mashahidi. Saa ni muhimu, kwa maana huonyesha ni nani aliyekuwa na pikipiki wakati tukio lilipotokea. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kuhusu mauzo.

Iwapo hasara imetokea

Aliyetapeliwa asione haya wala asifute chochote. Jumbe, nambari za simu, picha na kurasa za tangazo ndizo ushahidi. Awajulishe Safaricom mara moja ili pesa zizuiliwe iwapo bado hazijatolewa. Jumbe za ulaghai hutumwa kwenye nambari 333. Kisha apige ripoti katika kituo cha polisi, apewe nambari ya OB, na aijulishe NTSA ili pikipiki isihamishiwe jina la mwingine. Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) hupokea taarifa bila malipo kupitia 0800 722 203.

Kupata mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ni kali zaidi: ulaghai wa kompyuta huadhibiwa kwa faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Mnunuzi anayejulikana aliko lakini amekataa kumalizia malipo anaweza kushtakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni chini ya sheria ya 2016. Mbele ya mahakama hiyo, mkataba uliosainiwa na taarifa ya miamala vitakuwa na uzito kuliko maelezo ya mdomo.