Mvua Ilipokuwa na Mwenyewe

Mvua ilitukuta tumeshaipita Mazinde, nje ya lami. Siku nne nzima tulikuwa tumeufuata mto Pangani kutoka Nyumba ya Mungu, na mwenzangu alishikilia kwamba anayesafiri na mto hawezi kupita barabara moja na mabasi ya Arusha. Tukaingia njia za udongo katikati ya mkonge. Haikupita nusu saa, tope likajaa kwenye madigadi, magurudumu yakagoma kuzunguka. Tulichokonoa kwa vijiti, tukasukuma, mwishowe tukawa tunaziburuta baiskeli kama mbuzi wabishi. Mwenzangu hakusema neno mpaka tulipoirudia lami, na hata hapo alichosema hakiandikiki.

Mombo tulijibanza kwenye mgahawa, tukaagiza chai ya tangawizi na maandazi. Kwa kawaida Usambara imesimama hapo juu ya paa kama ukuta, lakini siku hiyo haikuonekana kabisa. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alituangalia tulivyolowa, akaitikia shikamoo zetu, kisha akasema, "Wanangu, hii haikati leo. Imetumwa na mwenyewe, huko Vuga." Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nilicheka, ila mzaha ule ulikaa nami njia nzima hadi Korogwe, kwa sababu kuna wakati haukuwa mzaha.

Vuga iko huko juu, nyuma ya ukungu. Ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Kikilindi, uzao wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu na, kwa jinsi Wasambaa wanavyosimulia, akapewa utawala baada ya kuwaulia nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia. Kuzifya shi ni kuiponya nchi: mvua inyeshe kwa wakati wake, ndizi na mahindi yastawi, watu washibe. Kubana shi ni kuiharibu. Aliyeweza la kwanza alidhaniwa kuweza na la pili, na hapo ndipo ilipokuwa siasa yenyewe. Mfalme mmoja asiyekuwa na mshindani angeileta mvua. Wakiwepo wawili wanaogombea kiti, kila mmoja angeizuia mvua ya mwenzake, na mwenye kufa njaa ni mkulima. Ukiuliza kwa nini watu walitoa kodi kwa Vuga, jibu mojawapo lilikuwa likitudondokea juu ya bati pale Mombo.

Mwaka 1857, mwezi wa Februari, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipanda kutoka Pangani wakifuata bonde la mto huu mpaka Vuga. Katika safari hiyohiyo, kwenye ngome ya askari wa Sultani wa Zanzibar huko Chogwe, walikutana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa amepelekwa India utumwani. Baadaye Bombay ndiye aliyeandamana na Speke kwenye maziwa makuu, na baada ya hapo na Stanley na Cameron. (Huyu angestahili makala yake peke yake.) Vuga walimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme mzee na mgonjwa, akawaomba dawa ya kumrudishia afya na ujana. Burton aliandika habari hiyo kwa kejeli. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Palipo na imani kwamba mwili wa mfalme na nchi ni kitu kimoja, mzee anayeomba nguvu huenda anaiombea mvua.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Vita vilivyofuata vimesimuliwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyeishi Usambara zama hizo, katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho shuleni sikuwahi hata kutajiwa. Mjukuu wa mfalme, Shekulwavu, alirithi kiti cha Vuga. Lakini mtoto mmoja wa Kimweri, Semboja, alikuwa akikaa Mazinde, chini kwenye tambarare, palepale tulipokwama na tope. Huko hakukuwa na rutuba ya mlimani wala heshima ya Vuga. Kulikuwa na njia ya misafara. Pembe za ndovu zilipita hapo kushuka Pangani, na bunduki na baruti zikapita kupanda. Semboja akajizatiti, akatafuta wapiganaji nje ya Usambara, akamfukuza Shekulwavu.

Nilipokuwa nakanyaga pedeli kwenye ile mvua, kilichonikaa kichwani ni alichofanya baada ya ushindi. Hakuhamia Vuga. Kiti cha mvua alimpa mwanawe, yeye akarudi Mazinde kukaa na barabara yake. Katika miaka ya vita iliyofuata, mateka wengi waliuzwa utumwani, wakashushwa bonde hilihili hadi pwani, ambako mashamba ya miwa ya Pangani yalikuwa na njaa ya mikono. Mkulima aliyekuwa akimlalamikia mfalme kwa ukame sasa aliogopa kukamatwa akienda kuteka maji.

Wajerumani walimaliza kilichobaki. Mwaka 1895 walimnyonga mtawala wa Vuga, Mputa, mtoto wa Semboja. Miaka 10 baadaye reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo. Waingereza waliokuja baada yao waliona udongo wa Usambara unavyochukuliwa na mvua, wakawalazimisha watu kuchimba matuta mashambani. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake, na upinzani ukawa mkali hata mpango ukaachwa miaka ya 1950. Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu udongo. Ila walikuwa wakiwaeleza namna ya kuiponya nchi watu waliokuwa wakibishana juu ya jambo hilo tangu enzi za Mbegha.

Tuliingia Korogwe saa kumi na mbili jioni, mvua imebaki manyunyu. Tulisimama darajani. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, umebeba matawi na migomba mizima iliyong'oka huko juu. Mwenzangu aliichukua chupa yake ya maji akaanza kuosha cheni, nami nikachokonoa tope la Mazinde kutoka kwenye madigadi, nikalitupa mtoni.