Kutembea Nuruni: Walokole na Historia ya Toba ya Nyumbani

Katika Kiswahili cha leo, hasa nchini Tanzania, neno mlokole humtaja Mkristo wa makanisa ya Kipentekoste, na mara nyingi husemwa kwa kejeli kidogo, kana kwamba anayetajwa amepitiliza katika dini yake. Asili ya neno hilo ni Kiganda, ambamo kitenzi kulokoka kina maana ileile ya kuokoka, na balokole ni wale waliookoka. Waliobandikwa jina hilo kwanza, katika miaka ya 1930, walikuwa Waanglikana wa Uganda na Rwanda ambao wengi wao hawakutaka kuanzisha kanisa jipya, bali walibaki katika makanisa yaliyowabatiza huku wakishika kanuni iliyowatofautisha na majirani zao, kwamba lililosomwa katika Biblia ni lazima lionekane katika deni, katika ndoa, jikoni na shambani. Historia ya harakati yao, inayojulikana kama Uamsho wa Afrika ya Mashariki, inaonyesha jinsi mafundisho machache ya Maandiko yalivyoingizwa katika maisha ya nyumbani kwa nguvu isiyo ya kawaida, na vilevile mahali nguvu hiyo ilipofikia ukomo.

Uamsho huo hauwezi kueleweka bila kutazama hali ya kanisa uliloliamsha. Wamisionari wa Church Missionary Society, shirika la Waanglikana wa Uingereza lililofupishwa kwa herufi CMS, walifika Buganda mwaka 1877, na Wakristo wa kwanza wakaitwa wasomaji, kwa kuwa kuingia dini na kujifunza kusoma vilikuwa jambo moja. Biblia nzima ya Kiganda, iliyotafsiriwa na George Pilkington akisaidiwa na Henry Wright Duta, ilitoka mwaka 1896, nayo ilichapwa kwa umbo nene na jembamba ili iweze kuhifadhiwa ndani ya kopo la biskuti, mbali na mchwa. Miaka minne baadaye, Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwagawia machifu ardhi kubwa na kuuthibitisha utawala wao, na kwa kuwa wengi wao walikuwa Wakristo, ubatizo ukawa sehemu ya heshima ya mjini na ngazi ya kupandia cheo. Kufikia miaka ya 1920 kanisa lilikuwa na waumini wengi, shule nyingi na majengo imara, lakini ndani ya nyumba za waumini hao hao mke wa pili, pombe na tambiko viliendelea kama zamani, na watu walikuwa wamezoea kuwa na maisha mawili: moja la Jumapili, jingine la siku sita zilizobaki.

Mahali moto ulipowaka kwanza palikuwa mbali na fahari ya Buganda. Huko Gahini, mashariki ya Rwanda, Misioni ya Ruanda iliyokuwa chini ya CMS ilijenga hospitali, na mwaka 1928 daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, alifika kufanya kazi hapo wakati nchi ikielekea katika njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na mnamo Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Wawili hao walikaa na Biblia zao wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu. Tukio hilo lilikuwa la kipekee si kwa yaliyosomwa tu, bali kwa sababu Mzungu na Mwafrika walikaa wakisoma pamoja kama wanafunzi wawili, wakakiri wao kwa wao upungufu wao, katika enzi ambayo kwa kawaida mmoja alifundisha na mwingine akasikiliza. Nsibambi aliiacha kazi yake ya serikali ili ahubiri, naye mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha. Hospitalini hapo palikuwa na ugomvi na manung'uniko kati ya wafanyakazi, na msaidizi mkuu wa Kiafrika, Yosiya Kinuka, alipokwenda Kampala kumweleza Nsibambi shida hizo, alijibiwa kwamba chanzo cha mgogoro wa hospitali akitafute kwanza moyoni mwake. Jibu hilo lilikuwa na mbegu ya Uamsho wote, kwa sababu lilihamisha swali kutoka kwa mkosaji mwingine na kulirudisha kwa mlalamikaji.

Kutoka hapo harakati ilisonga kwa mikutano mikubwa. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama dhambi zao mbele ya wote, wengine wakilia, na mwaka 1935 mambo kama hayo yalitokea Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa ameandaa hoja za kuwasilisha katika sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, akiuliza sababu ya ubaridi wa kanisa na kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanaruhusiwa kuikaribia meza ya Bwana. Kifo chake kiliyapa maswali hayo uzito ambao pengine uhai wake usingaliyapa.

Fundisho lililobeba harakati hii lilitoka katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1, aya ya 7, inayofungamanisha kutembea katika nuru na kuwa na ushirika wa mtu na mwenzake. Walokole waliisoma aya hiyo kama maelekezo ya kazi: jambo lililofichwa hutenganisha watu, na jambo lililowekwa nuruni huwaunganisha. Walifundisha kwa mfano wa nyumba isiyo na paa wala kuta, ambapo kuondoa paa ni kutomficha Mungu chochote, na kubomoa kuta ni kutomficha jirani. Waliongeza neno kuvunjika, ambalo katika Kiswahili cha kawaida, likiambatana na moyo, ni habari ya kukata tamaa, lakini kwao lilikuwa habari njema, kwa maana kilichovunjika kilikuwa kiburi kinachomzuia mtu kusema, "Nimekosa."

Athari ya usomaji huo ilionekana kwanza katika mali. Habari ya Zakayo, mtoza ushuru ambaye katika Injili ya Luka, sura ya 19, anaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, haikuhubiriwa kama hadithi ya mtu mfupi juu ya mti, bali kama utaratibu wa kufuatwa. Aliyeokoka alikaa chini akahesabu alichoiba, alichokopa bila kulipa na alichodanganya, kisha akaondoka kwenda kurudisha: jembe kwa jirani, fedha kwa mwajiri, kodi iliyokwepwa kwa ofisi ya serikali, ambako makarani walishangaa kumwona mtu akijishtaki kwa kosa ambalo hakuna aliyelijua. Mafundisho ya Mathayo, sura ya 5, yanayomtaka mtu aiache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake, yaliwafanya wengine wasafiri mwendo mrefu kwa sababu ya neno moja la chuki. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi, eneo la Kabale, aliyeokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940, alisimulia baadaye jinsi alivyopanda baiskeli kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia, ingawa kwa hesabu ya kikoloni ilidhaniwa kwamba chuki ya mtawaliwa haimhusu mtawala.

Katika familia mabadiliko yalikwenda ndani zaidi, kwa kuwa kwa walokole nuru haikuishia mlangoni. Mume alitakiwa kumwungamia mke wake, jambo lililopindua desturi ambayo kwayo mke ndiye aliyepaswa kutoa hesabu, na wote wawili walitakiwa kusali pamoja na kula pamoja. Huko Buganda, ambako mwiko uliwazuia wanawake kula kuku na mayai, kuvila mbele ya watu kukawa ushuhuda, yaani tangazo la hadharani kwamba mlaji amewekwa huru. Mahali pengine walokole waliona mahari kubwa kuwa ni biashara ya binti, wakaipunguza au wakawaachia ndugu wa imani wasimamie posa na harusi. Walikataa pia kupika na kunywa pombe, na uamuzi huo ulikuwa na gharama kubwa kuliko unavyoonekana leo, kwa sababu pombe ilikuwa malipo ya wasaidizi wa shambani, heshima kwa wazee na pato la wanawake wengi. Kwa wazazi na wajomba, kijana asiyekunywa katika karamu ya ukoo na asiyeshiriki tambiko la msiba alikuwa amejitoa katika ukoo, hata kama aliendelea kulala katika boma lilelile.

Pengo hilo la ukoo lilizibwa na ushirika, jina lililopewa mkutano wa kila juma wa walokole wa mahali pamoja, ambao ulifanyika nyumbani kwa mtu, kanisani au chini ya mti. Ushirika haukuwa na kadi ya uanachama wala katiba. Ulikuwa na timu, kikundi cha watu wazima katika imani waliochukua uongozi kwa kuaminiwa. Watu walisalimiana kwa "Bwana asifiwe", wakaimba, wakasoma Maandiko, kisha kila aliyekuwa na jambo akasimama na kuliweka nuruni, akashangiliwa kwa wimbo wa Kiganda Tukutendereza Yesu, ambao ulivuka mipaka ya lugha na kuwa alama ya walokole kutoka Kampala hadi Dodoma. Katika mikutano hiyo mwanamke aliweza kumwonya mwanamume, na mkulima akamwonya kasisi, jambo ambalo halikuwa na nafasi katika baraza la ukoo wala katika halmashauri ya kanisa.

Uwazi huo ndio uliozua upinzani, na si kila mpinzani alikuwa adui wa imani. Katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi walokole waliamka kabla ya alfajiri kusali na kuhubiri, wakikemea wizi na uasherati chuoni na kuwashuku walimu kwa elimu ya Biblia waliyoiona ya kisasa mno. Uongozi ulipokataza mikutano hiyo nao wakakataa kutii, wanafunzi 26 walifukuzwa mnamo Oktoba 1941, akiwemo William Nagenda, mmoja wa wahubiri mashuhuri wa Uamsho. Nchini Kenya, katika Nyanza, Waanglikana waliochoshwa na hukumu za walokole walijiita Johera, watu wa upendo, na mwaka 1957 wakajitenga chini ya Matthew Ajuoga na kuunda Church of Christ in Africa. Lawama yao ilikuwa na msingi: ilisemwa kwamba mtu aungame dhambi zake mwenyewe, lakini ni dhambi chache za mwanadamu zilizo zake peke yake. Mume aliyesimama kuungama uzinzi alimwanika pia mwanamke ambaye hakuwa ameomba kutajwa, na mtoto aliyesikia aibu ya baba yake ushirikani alirudi nayo nyumbani. Mwungamaji aliondoka akiwa mwepesi, na mzigo ukabaki kwa wengine.

Hata hivyo Uamsho ulizidi kuenea. Mwaka 1937 timu ya wahubiri ilifika Kabete, karibu na Nairobi, na kutoka huko harakati ikaingia katika nchi ya Wakikuyu, wakati upande wa Tanganyika ilipenya kupitia Bugufi na Katoke, ikawagusa Walutheri wa Bukoba pamoja na Waanglikana wa Dodoma, ambako Kivengere na mkewe Mera walihamia kufundisha katika miaka ya 1940. Katika safari hizo Kiswahili kilipata kazi mpya, kwa kuwa Mhaya, Mgogo na Mkikuyu waliokutana katika mkutano mmoja walihitaji lugha ya kuungamia, na maneno kama ushuhuda, toba na kuokoka yalipata uzito ambao kitabu cha sala peke yake hakikuyapa.

Mtihani mkali ulikuja Kenya kuanzia mwaka 1952, vita vya Mau Mau vilipozuka. Wengi wa walokole wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, wakisema kwamba wameshainywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine, na kwa hoja iyo hiyo baadhi yao walikataa kubeba bunduki za serikali, hivyo wakawa washukiwa wa pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Mtazamo huo ulionekana tena Uganda chini ya Idi Amin: Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977, na Kivengere, ambaye wakati huo alikuwa askofu wa Kigezi, alilazimika kukimbilia uhamishoni, ambako alihubiri msamaha kwa mtawala aliyemfukuza.

Lakini Rwanda, chimbuko la Uamsho, ndiko ulikopatikana ukomo wake. Walokole waliwaunganisha Wahutu na Watutsi katika ushirika mmoja, na katika machafuko yaliyoanza mwaka 1959 baadhi yao waliwaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha. Pamoja na hayo, miaka 35 baadaye mauaji ya kimbari yalifanyika katika nchi ambayo vizazi viwili vilikuwa vimefundishwa kuungama kila kosa dogo. Wapo wanaohitimisha kwamba toba ile ilikuwa ya juu juu, lakini historia inaelekeza kwenye maelezo mengine. Kutembea nuruni kulihitaji mtu anayejua alichokosa, na aliyekosewa anayeweza kufikiwa kwa miguu au kwa baiskeli. Kwa jembe lililoibwa, neno lililomuumiza mke na deni la duka, njia hiyo ilifanya kazi kwa usahihi wa kushangaza. Dhambi iliyoandikwa katika kitambulisho cha kabila, ikagawa vyeo na nafasi za shule, na kufundishwa darasani kama habari ya kawaida haikuwa ya mtu yeyote peke yake, na kwa hiyo katika ushirika hapakuwa na aliyesimama kuiungama kuwa yake.